Programu ya kikapu cha ununuzi

Programu ya kikapu cha ununuzi ni programu ya kompyuta inayoliwezesha duka la mtandaoni kupokea oda. Kwa kuitumia, mteja huchagua bidhaa, huziweka pamoja, huona jumla ya gharama, hutaja mahali pa kupelekewa mzigo na kulipa. Kwa upande wa mwenye duka, programu hiyohiyo hutunza orodha ya bidhaa na bei zake, hupunguza idadi iliyopo stoo kila kitu kinapouzwa, huandaa risiti na huweka kumbukumbu za oda na wateja.

Wafanyabiashara wengi wanaoanza huchagua programu ya namna hii kwa kutazama uzuri wa ukurasa wa mbele. Hata hivyo, mauzo hupatikana au hupotea katika sehemu nyingine: hatua za mwisho ambapo mteja analipa, na kazi zinazofuata baada ya malipo. Uchaguzi mbaya unaweza kula faida yote ya duka dogo, au kumfunga mwenye duka mahali ambapo hawezi kuhama bila kupoteza kumbukumbu zake.

## Jina

Jina linatokana na vyombo vya kubebea bidhaa katika maduka makubwa ya kujihudumia. Mwaka 1937 Sylvan Goldman, mwenye maduka ya vyakula mjini Oklahoma City, Marekani, aliona kwamba wateja huacha kununua vikapu vyao vinapokuwa vizito. Akachukua umbo la kiti cha kukunja, akakiwekea magurudumu na vikapu viwili. Ndiyo asili ya toroli la dukani. Maduka ya mtandaoni yaliiga wazo hilo, na hadi leo picha ndogo ya toroli au kikapu huonekana kwenye kona ya kurasa zao. Kwa Kiswahili husemwa kikapu au kapu.

## Historia

Ununuzi kwa njia ya kompyuta ulitangulia wavuti. Mwaka 1979 Mwingereza Michael Aldrich aliunganisha televisheni na kompyuta ya kupokea oda kwa kutumia waya wa simu ya kawaida. Mwaka 1984, katika mji wa Gateshead, Uingereza, mama mzee aitwaye Jane Snowball alitumia mfumo wa aina hiyo kuagiza siagi ya mimea, mayai na nafaka za kifungua kinywa kutoka duka la Tesco.

Baada ya wavuti kuenea, mwaka 1994 ulikuwa na matukio mawili muhimu. Mwezi Agosti kampuni ya NetMarket ya Marekani iliuza CD ya mwanamuziki Sting kwa kadi ya benki, namba ya kadi ikiwa imesimbwa ili isisomwe njiani. Mwaka huohuo Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka katika kivinjari cha mtumiaji. Mojawapo ya shida zilizomsukuma ilikuwa hasa hii ya kikapu: tovuti itakumbukaje bidhaa alizochagua mteja kabla hajalipa?

Mwaka 1995 Amazon na eBay zilifungua milango. Mwaka huo pia Paul Graham na Robert Morris walianzisha Viaweb, programu iliyomwezesha mfanyabiashara kujenga duka lake kwa kutumia kivinjari tu, bila kufunga chochote katika kompyuta yake. Yahoo! iliinunua mwaka 1998.

Tangu mwaka 2000 zilianza kuenea programu huria, ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua, kuzitumia na kuzibadilisha. osCommerce ilianzia Ujerumani mwaka 2000, PrestaShop Ufaransa mwaka 2007, na Magento Marekani mwaka 2008. Nchini Kanada, Tobias Lütke na wenzake waliokuwa wakiuza mbao za kutelezea thelujini hawakuridhika na programu zilizokuwepo, wakatengeneza ya kwao. Mwaka 2006 wakaanza kuitoa kwa wengine kwa jina la Shopify.

Afrika nayo ina sehemu katika historia hii. WooCommerce, ambayo huongezwa katika tovuti za WordPress, ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni iliyokuwa na makao yake mjini Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilinunuliwa na Automattic ya Marekani.

## Jinsi inavyofanya kazi

Kivinjari na seva huwasiliana kwa utaratibu uitwao HTTP, ambao kwa asili hauna kumbukumbu. Kila ukurasa unapoombwa, seva hujibu kisha husahau ni nani aliyeomba. Ni kama muuza duka anayemsahau mteja kila anapogeuka kuchukua kitu rafuni. Kidakuzi huondoa shida hii. Mteja anapoingia dukani, seva humpa namba, na kivinjari chake huirudisha namba hiyo kwa kila ombi. Kwa namba hiyo seva hutambua kikapu kilichoandikwa katika hifadhidata.

Bidhaa inapowekwa kikapuni, programu nzuri huandika utambulisho wa bidhaa na idadi yake. Bei husomwa upya kutoka hifadhidata ya duka. Baadhi ya programu za zamani ziliiweka bei ndani ya ukurasa wenyewe na kuipokea jinsi ilivyorudi. Mnunuzi mjanja aliweza kuibadilisha katika kompyuta yake kabla ya kutuma oda. Kanuni iliyobaki ni kwamba lolote linalotoka kwa kivinjari lihakikiwe na seva.

Suala jingine ni idadi ya stoo. Ikiwa imebaki jozi moja ya viatu na wateja wawili wameiweka kikapuni, ni lazima programu iamue nani atapata. Baadhi huishikilia bidhaa kwa dakika chache kwa ajili ya aliyefika hatua ya kulipa; nyingine huipunguza pale tu malipo yanapothibitishwa. Programu isiyo na utaratibu wowote itauza kitu kimoja mara mbili, na mwenye duka atalazimika kurudisha fedha na kuomba radhi.

Baada ya malipo, oda hupita hatua zake: imepokelewa, imelipiwa, imefungashwa, imetumwa, imefika, au imefutwa. Kila hatua iwe na tarehe na saa, na mteja apate taarifa kwa SMS au barua pepe.

## Aina

Programu hizi zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

* Za kupanga. Mwenye duka hulipa ada kwa mwezi au kwa mwaka, na kampuni hutunza seva, usalama na masasisho. Shopify ni mfano. Ni rahisi kuanza nazo, lakini duka limo katika nyumba ya mtu mwingine: kanuni na ada zikibadilika, mpangaji hana budi kufuata au kuhama.
* Za kufunga mwenyewe. Nyingi ni huria, kama WooCommerce, PrestaShop na osCommerce. Programu yenyewe ni ya bure, lakini mwenye duka hugharamia jina la tovuti, nafasi kwenye seva, na fundi wa kuisasisha na kuilinda.
* Za kutengenezewa. Mtaalamu huandika programu kwa ajili ya duka moja. Humfaa mwenye mahitaji ya pekee na fedha za kutosha. Hatari yake ni kwamba fundi akiondoka bila kuacha maelezo, hakuna mwingine anayeijua.

Soko la mtandaoni, kama Jumia, ni jambo tofauti. Humo wauzaji wengi hutumia kikapu kimoja kinachomilikiwa na soko lenyewe. Muuzaji huwafikia wateja waliokwisha kuwepo, lakini kwa kawaida hana mamlaka juu ya orodha yao. Jumia ilipofunga shughuli zake nchini Tanzania mwezi Novemba 2019, lango hilo la kuuzia lilifungwa pamoja nayo.

## Vigezo vya kuchagua

### Hatua za kulipa

Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayochunguza muundo wa maduka ya mtandaoni, imekusanya tafiti nyingi zinazoonyesha kuwa kwa wastani karibu asilimia 70 ya vikapu huachwa bila kulipiwa. Wengi wa walioviacha walikuwa wakitazama tu. Kati ya waliokusudia kununua, sababu inayotajwa zaidi ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni, kama vile nauli ya mzigo na kodi. Kulazimishwa kufungua akaunti nako hutajwa mara nyingi.

Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani Jared Spool alieleza kisa cha duka kubwa ambalo hakulitaja jina. Duka hilo liliwataka wateja wajisajili au waingie kwa neno la siri kabla ya kulipa. Wapya walikataa, na wa zamani walikuwa wamesahau maneno yao ya siri. Kitufe cha kujisajili kilipobadilishwa kuwa cha kuendelea, pamoja na maelezo mafupi kwamba akaunti si lazima, idadi ya walionunua ilipanda kwa asilimia 45.

Kwa hiyo programu inayofaa humruhusu mteja kulipa kama mgeni, huonyesha nauli ya mzigo mapema, na huuliza yale tu yanayohitajika. Mteja akikosea kujaza, humwonyesha kosa liko wapi bila kufuta aliyokwisha kuandika.

### Simu na mtandao dhaifu

Katika Afrika Mashariki wanunuzi wengi hutumia simu na vifurushi vya data. Ukurasa wenye picha nzito humla mteja fedha kabla hajanunua. Programu inapaswa kupunguza ukubwa wa picha yenyewe, vitufe vyake viwe vikubwa kiasi cha kubonyezwa kwa kidole gumba, na kikapu kibaki salama mtandao unapokatika. Mteja akirudi baada ya saa moja akakuta kikapu kitupu, huenda asianze upya.

### Njia za malipo

Programu nyingi ziliundwa kwa kufikiria kadi za benki. Afrika Mashariki, hasa tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu wengi hulipa kwa simu. Ni lazima kuuliza kama programu inaunganika na malipo ya simu ya nchi husika, ama moja kwa moja ama kupitia kampuni ya kati. Kwa mfano, Safaricom ya Kenya hutoa kiunganishi kiitwacho Daraja kwa ajili ya kazi hiyo.

Utaratibu ni huu: duka hutuma ombi, simu ya mteja huonyesha kiasi, mteja huweka namba yake ya siri, kisha kampuni ya simu huiarifu seva ya duka kwamba fedha zimelipwa. Programu nzuri hungoja taarifa hiyo ndipo iandike kwamba oda imelipiwa. Haitegemei picha ya SMS iliyotumwa na mteja, kwa kuwa SMS inaweza kughushiwa. Taarifa isipofika kwa sababu ya mtandao, programu iwe na njia ya kuuliza hali ya muamala. Na mteja mwenye wasiwasi akibonyeza kitufe mara mbili, akatwe mara moja tu.

### Anwani na usafirishaji

Fomu iliyotungwa kwa ajili ya Marekani hudai jina la jimbo na namba ya posta, na haimruhusu mteja kuendelea bila kuvijaza. Mteja wa Tandika au Kisumu huandika chochote ili apite, na dereva hapati mahali pa kwenda. Inafaa fomu iweze kubadilishwa ili iulize mkoa au kaunti, mtaa, alama inayojulikana karibu na mahali hapo, na namba ya simu. Programu ikubali namba iliyoanza kwa 0 na pia ile iliyoanza kwa +255 au +254. Nauli nayo ipangike kwa namna zinazotumika: bodaboda ndani ya mji, basi kwenda mikoani, au mteja kufuata mzigo mwenyewe.

### Hesabu na kodi

Kodi ya Ongezeko la Thamani hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16 nchini Kenya na 18 nchini Uganda. Viwango hubadilika, na baadhi ya bidhaa husamehewa. Kwa hiyo programu inapaswa kumruhusu mwenye duka kubadilisha kiwango bila kumwita fundi, na kuonyesha wazi kama bei inajumuisha kodi. Ikumbukwe kwamba risiti inayotolewa na programu si lazima iwe risiti inayotambuliwa na mamlaka ya kodi. Tanzania hutumia risiti za EFD, na Kenya ina mfumo wa eTIMS.

### Usalama

Anwani ya duka inapaswa kuanza na https, yaani mawasiliano yote yamesimbwa. Kampuni za kadi zina kanuni zinazoitwa PCI DSS, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, zinazomhusu kila anayepokea namba za kadi. Kwa duka dogo njia salama ni kutozipokea kabisa: mteja apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, alipe huko, kisha arudi.

Hata makampuni makubwa huathirika. Mwaka 2018 wahalifu walibadilisha sehemu ya msimbo katika tovuti ya British Airways, na taarifa za malipo walizojaza wateja zikawa zinanakiliwa na kutumwa kwao. Wateja zaidi ya 400,000 waliguswa, na mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 20. Tatizo la namna hii ndilo linalofanya masasisho ya mara kwa mara, pamoja na uchache wa programu za nyongeza, kuwa sehemu ya ulinzi.

Majina, simu na anwani za wateja pia hulindwa na sheria. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

### Umri wa programu na uwezo wa kuhama

Programu nazo huzeeka. Magento toleo la kwanza liliacha kuhudumiwa mwezi Juni 2020, na kuhamia toleo la pili kulikuwa karibu sawa na kujenga duka upya. Kabla ya kuchagua, ni vizuri kutazama sasisho la mwisho lilitolewa lini, na kama kuna mafundi zaidi ya mmoja wanaoifahamu nchini.

Jambo la kupima zaidi ni mlango wa kutokea. Programu inapaswa kumwezesha mwenye duka kupakua orodha ya bidhaa, wateja na oda zote katika faili linalofunguka kwenye programu nyingine. Jina la tovuti nalo lisajiliwe kwa jina la mwenye duka, wala si la fundi.

## Mfano wa kulinganisha gharama

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme programu A inatoza ada ya shilingi 75,000 kwa mwezi. Programu B haina ada ila hukata asilimia 5 ya mauzo. Programu C ni huria, lakini seva ni shilingi 20,000 na fundi shilingi 60,000 kwa mwezi.

* Mauzo yakiwa 1,000,000: A ni 75,000, B ni 50,000, C ni 80,000.
* Mauzo yakiwa 1,500,000: A ni 75,000, B ni 75,000, C ni 80,000.
* Mauzo yakiwa 3,000,000: A ni 75,000, B ni 150,000, C ni 80,000.

Duka linaloanza litapata nafuu kwa B. Likikua, B inakuwa ghali kuliko zote. Gharama pia zilinganishwe na faida, si mauzo peke yake. Kama faida ni asilimia 20, mauzo ya 1,000,000 huleta 200,000, na ada ya 75,000 huchukua zaidi ya theluthi moja ya faida hiyo. Makato ya kampuni ya malipo huongezwa juu ya hesabu hizi zote. Ada inayotozwa kwa dola hupanda kila shilingi inaposhuka thamani.

## Majaribio kabla ya kuamua

Kampuni nyingi hutoa kipindi cha majaribio, na programu huria inaweza kujaribiwa bila gharama kubwa. Jaribio lenye maana lina hatua hizi:

1. Kuweka bidhaa kumi halisi, zikiwemo zenye rangi na saizi tofauti.
2. Kumpa simu ya bei nafuu mtu asiyelifahamu duka, anunue kitu kimoja bila kuelekezwa, na kutazama anakwama wapi.
3. Kulipa kiasi kidogo cha fedha halisi kwa kila njia ya malipo itakayotumika.
4. Kuzima mtandao katikati ya malipo na kuona oda imeandikwaje.
5. Kufuta oda moja na kurudisha fedha, kisha kuangalia kama idadi ya stoo imerekebika.
6. Kupakua kumbukumbu zote na kuzifungua mahali pengine.
7. Kuiandikia kampuni swali na kuhesabu muda inaochukua kujibu.

Programu inayoshindwa hatua ya tatu, ya nne au ya sita haifai, hata kama kurasa zake zinapendeza.

## Wakati ambapo haihitajiki

Si kila biashara inahitaji kikapu. Muuzaji mwenye bidhaa chache anayepokea oda tatu au nne kwa wiki kupitia WhatsApp, na kuziandika kwenye daftari, hana sababu ya kulipa ada ya kila mwezi. Haja hujitokeza pale oda zinapoanza kupotea katika msururu wa jumbe, bidhaa iliyokwisha inapouzwa tena, au inapochukua jioni nzima kulinganisha malipo na mizigo iliyotumwa. Hapo daftari la oda la miezi michache iliyopita huwa mwongozo mzuri wa uchaguzi, kwa kuwa linaonyesha wateja walilipaje, mizigo ilipelekwa wapi na makosa yalitokea katika hatua ipi.